Kuridhika Kuanzie Madhabahuni: Barua ya Wazi kwa Wachungaji Wetu

Kwa Baba Maaskofu, Mitume na Manabii, Wachungaji, Mapadre, Wainjilisti na Wazee wa Makanisa,

Bwana Yesu asifiwe, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumia salamu zote mbili kwa sababu barua hii haina dhehebu. Kila mmoja wenu aitikie ile aliyoizoea, kisha tuendelee.

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa kuwa ninayoyalalamikia yanafanyika hadharani: kwenye vipaza sauti, redioni, na kwenye runinga ambazo namba ya kutumia sadaka hupita chini ya skrini tangu sala ya kufungua hadi neno la baraka. Malalamiko yangu yana matawi mengi lakini shina lake ni moja. Fundisho la Kikristo juu ya kuridhika limeondolewa mahali lilipowekwa. Liliandikwa kumfunga mhubiri, sasa linamfunga msikilizaji peke yake. Mama muuza mboga anafundishwa kushukuru kwa kidogo alicho nacho, na kabla ibada haijaisha anafundishwa kukitoa hicho kidogo ili mtumishi abadilishiwe gari, maana eti balozi wa Mfalme wa wafalme hawezi kuonekana kwenye gari chakavu. Kama kuridhika ni fadhila, kwa nini kuanzie kwenye meza ya mboga na kuishie mlangoni pa ofisi ya mchungaji? Nitazipa hoja zangu namba, ili atakayetaka kunijibu ajue anajibu ipi.

1. Naanza na sura mnayoijua vizuri kuliko mimi, ya sita ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo. Hakuna Mkristo ambaye hajasikia kwamba mapenzi ya fedha huzaa kila aina ya uovu, na kwamba tulikuja duniani mikono mitupu na tutaondoka vivyo hivyo. Walio wachache ni wale waliosomewa mistari inayotangulia. Timotheo alikuwa ameachwa Efeso kulichunga kanisa, na Paulo hamwandikii habari za wachoyo wa sokoni. Anamwandikia habari za walimu wa dini waliofika mahali pa kuuona utauwa kuwa njia ya kipato. Hao ndio anaowaona wakinaswa na kuzama. Kile kipimo cha chakula na mavazi, kwamba aliye navyo vimtoshe, kinawekwa kwanza shingoni mwa anayesimama mbele za watu. Matajiri wa kawaida wanafuata baadaye, mstari wa 17, na wao wanaambiwa wasijivune, wasiutegemee utajiri, wawe wepesi wa kushirikiana na wengine. Hakuna walipoambiwa wamtajirishe Timotheo.

Wala si bure kwamba onyo hilo lilitumwa Efeso. Mji ule ulikuwa na hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya ulimwengu wa kale, na watu walikuwa wakiweka amana za fedha zao ndani yake. Lilikuwa nyumba ya ibada na benki kwa pamoja. Mafundi wa fedha walichonga vihekalu vidogo vya kuuza, na zile fujo za Matendo 19 zilianza pale Demetrio alipopiga hesabu ya hasara. Someni tena hotuba yake: anaanza na kipato, heshima ya mungu mke inakuja ya pili, kama kifuniko cha sufuria. Katika mji huohuo watu waliotoka kwenye uganga walileta vitabu vyao vya uchawi vikachomwa mbele ya wote, na Luka akataja bei yake, vipande 50,000 vya fedha. Kama kipande ni drakma moja, yaani ujira wa kibarua kwa siku, hizo ni zaidi ya siku za miaka 130 za mtu mmoja asiyepumzika hata Jumapili. Vingeuzwa, kanisa lingepata jengo, vyombo vya muziki na chenji. Wakavitia kiberiti. Naye Paulo alipowaaga wazee wa Efeso kule Mileto, ushahidi alioutoa juu ya huduma yake ulikuwa viganja vyake viwili: vilimlisha yeye na wenzake, na fedha ya mtu hakuitamani. Kutoka Efeso ile hadi meza ya chupa za mafuta, chumvi na vitambaa vya upako iliyopangwa nje ya milango yenu, bei zikiwa zimeandikwa kwa kalamu nene, naona Demetrio akiwa amepata kazi upande wa pili.

2. Hoja ya pili ni mbegu. Watu wazima wanaambiwa kwamba sadaka ni mbegu, kwamba ukubwa wa mavuno hufuata ukubwa wa mbegu, na kwamba anayetaka muujiza wa milioni asije na elfu mbili. Bahasha ya mbegu ina mstari wa jina, mstari wa namba ya simu, mstari wa kiasi, na chini kabisa, pale karatasi inapokunjwa, mstari mfupi wa ombi. Mpangilio wa mistari hiyo ni theolojia nzima. Fundisho lenyewe hatukulirithi kwa mitume wala kwa wazee waliotuletea Injili kwa miguu. Lilikomaa Marekani katika karne ya 20, na aliyelitangaza kuliko wengine ni Oral Roberts wa Tulsa, Oklahoma, aliyeliita mbegu ya imani. Mwaka 1987 Roberts aliwatangazia wafuasi wake kwamba asipopata dola milioni 8 kufikia Machi, Mungu atamchukua. Dola milioni 1.3 kati ya hizo zilitoka kwa mmiliki wa viwanja vya Florida ambako watu hucheza kamari kwa mbwa wanaokimbia. Simcheki marehemu. Nataja jambo hilo kwa sababu kamari na mbegu ni mtu na ndugu yake. Kijana anayeweka mkeka kwenye simu Jumamosi na mama anayetuma mbegu Jumapili wanapiga hesabu moja: nitoe kidogo kilichopo, nipate kikubwa kisichotokana na jasho. Tofauti ni kwamba mkeka ukichanika, kampuni ya kubeti haimwambii kijana kuwa imani yake ilikuwa ndogo.

Mkulima yeyote angewasahihisha kwa maswali mawili. La kwanza, mbegu inapandwa shamba la nani? Mwenye mbegu hupanda kwake, akapalilia kwake, akavuna kwake. Hii yenu hutoka ghalani mwa mmoja ikapandwa shambani mwa mwingine, na aliyeitoa anabaki kutazama mawingu. La pili, ni mkulima gani aliyewahi kuahidiwa mvua? Mvua zikikata, mahindi yakanyauka, jirani humpa pole. Hamuulizi kama alishika jembe kwa imani. Mtanijibu kwamba Paulo naye alitumia mfano wa mbegu, katika Wakorintho wa pili, sura ya tisa. Ni kweli, nami nafurahi mkiufungua ukurasa huo, kwa sababu mchango ule ulikuwa wa watakatifu maskini wa Yerusalemu. Hata senti moja haikuwa ya Paulo. Sura moja kabla yake ameeleza shabaha ya mchango kwa neno lisilosikika siku za mbegu: usawa. Aliye na ziada leo amfikie aliyepungukiwa, na kesho iwe kinyume chake. Kisha akaileta mana ya Kutoka 16, kule jangwani ambako waliookota kingi na waliookota kidogo walipopima wote walitoshelezwa, na aliyeficha cha kesho aliamka akakuta mabuu na harufu. Huo ndio utele anaouahidi Paulo, chungu kinachopita nyumba kwa nyumba. Na huko ndiko kuridhika kunakoota, maana mtu huweza kuridhika na sehemu yake akijua kwamba siku ikimgeukia hataachwa peke yake. Kumtaka aridhike huku kile cha kumkinga kikitiririka upande mmoja ni kumfundisha kuvumilia dhuluma, na jina takatifu juu yake.

3. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye ibada uwanjani Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana, watoto wakiwemo. Walikuwa wakiyakimbilia mafuta yaliyomwagwa chini, waliyoambiwa kwamba ni ya upako. Sitaki kuwaita wale watu wenye tamaa. Walitaka uzima, kazi, ndoa, nafuu ya maradhi, vitu ambavyo kila mmoja wetu anaviomba usiku. Tamaa niliyo na ugomvi nayo ni ile inayojua njaa hiyo ilivyo kali, ikaipangia ratiba na kuibandikia mabango.

4. Mistari miwili ndiyo inayobebeshwa mzigo wote wa ukusanyaji, Malaki 3:10 na habari ya mjane wa senti mbili, na yote miwili imekatwa kichwa na miguu. Malaki ni nabii anayewageukia makuhani kwa majina ya kazi yao tangu sura ya kwanza. Sura ya pili inafunguliwa kwa kuwaita wao. Mistari mitano tu kabla ya ule wa fungu la kumi, Mungu anajiweka kuwa shahidi dhidi ya wanaopunja ujira wa kibarua, wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Na fungu lenyewe lilikuwa nini? Nafaka, divai, mafuta, wanyama. Kumbukumbu la Torati 14 inamwagiza mtoaji alile yeye na nyumba yake mbele za Bwana kwa furaha, na kila mwaka wa tatu libaki mjini kwake, apate kula Mlawi asiye na shamba, na mgeni, na yatima, na mjane. Ghala la Malaki lilikuwa ghala la chakula. Mjane alikuwa kwenye orodha ya wanaopokea. Nani alimhamishia kwenye orodha ya wanaodaiwa? Leo akipitisha miezi miwili bila kutoa anaambiwa anamwibia Mungu, na hakuna anayeuliza ni nani aliyemwibia yeye lile fungu la mwaka wa tatu.

Mjane wa Marko 12 ndiye amefanyiwa vibaya zaidi. Mhubiri huanza kusoma mstari wa 41, mbele ya sanduku, akamwacha mstari wa 44. Rudini mstari mmoja tu nyuma. Yesu yumo katikati ya kuwakemea waandishi wanaopenda salamu za sokoni na viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane na kufunika ulaji huo kwa sala ndefu. Pumzi hiyohiyo ikiwa haijatua, anatokea mjane akitoa riziki yake yote. Sasa songeni mbele mistari michache, sura ya 13 inapofunguka: mwanafunzi anashangaa uzuri wa mawe ya hekalu, na Yesu anasema hakuna litakalosalia juu ya lenzake. Sipingi kwamba mama yule anasifiwa. Aliyesifiwa ni yeye. Sanduku halikusifiwa, wala wenye sanduku, wala jengo lililoshiba senti zake. Mhubiri anayemtumia mjane huyo kufungulia pochi za wajane wengine amekaa kwenye mstari wa 40 bila kujua, au akijua.

5. Hoja hii ya tano inawahusu hata ninyi wa makanisa ya zamani mnaosoma hadi hapa mkitikisa kichwa kwa kuwasikitikia manabii wa mjini. Binti akipata mimba nje ya ndoa mnajua la kufanya: anatengwa, hashiriki meza ya Bwana, anakaa viti vya nyuma hadi arudi kundini kwa toba mbele ya washarika. Mlevi naye mna utaratibu wake. Tazameni basi orodha ya Paulo katika Wakorintho wa kwanza 5:11, ndiyo inayotegemewa kwa nidhamu hiyo. Mzinzi yumo. Mlevi yumo. Mwenye tamaa na mnyang'anyi nao wamo, mstari uleule, hukumu ileile. Ni lini mara ya mwisho baraza la wazee limemwita mtu kwa sababu ya tamaa? Mwenye nyumba aliyepandisha kodi akijua wapangaji hawana pa kwenda. Mkopeshaji wa kausha damu aliyebeba godoro la mteja. Bosi asiyemlipa dada wa kazi miezi mitatu kwa kisingizio kwamba anamlisha. Ofisa aliyehamisha mpaka wa kiwanja cha yatima. Watu hawa hawatengwi. Wanachaguliwa kamati ya ujenzi. Dhambi ya binti huonekana tumboni, ya kwao huonekana kwenye risiti ya sadaka, na risiti haijawahi kumtia mtu aibu. Basili, aliyekuja kuwa askofu wa Kaisaria katika Kapadokia na aliyeona njaa kubwa ya mwaka 368 na kuendelea, alihubiri juu ya tajiri wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala ajenge kubwa zaidi. Aliwaambia matajiri wa kanisani kwake kwamba mkate wa ziada walioufungia ni mali ya mwenye njaa, na viatu vinavyooza kabatini ni vya aendaye peku, akauita wizi. Kisha alifungua mahali pa kuwalisha. Askofu leo akiita kabati la mshirika tajiri wizi, nani atamkaribisha kubariki nyumba?

6. La wanasiasa nalitaja kwa ufupi kwa kuwa hapa kuna la kusifu. Wengi wenu mmewapa watu wa maburungutu kiti cha mbele, kipaza sauti na makofi, wakati Yakobo sura ya pili ilishaandika mambo ya mwenye pete ya dhahabu na maskini anayeambiwa akae chini. Lakini Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana Kenya, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatasimama tena mimbarani kuhutubia. Na Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa michango iliyokuwa imetolewa na Rais katika parokia moja ya jiji, ikiwemo shilingi za Kenya milioni 2 za nyumba ya mapadre, akaagiza irudishwe. Nyumba hiyo ilikuwa inahitajika. Anayedhani kurudisha fedha ni rahisi ajaribu kwanza kurudisha chenji aliyozidishiwa dukani.

Najua mtakayonijibu, na baadhi yake yana uzito.

Mtasema Ibrahimu alikuwa tajiri, na Sulemani, na Ayubu mwisho wa habari yake. Ndiyo. Ila Ibrahimu alikataa hata gidamu ya kiatu kutoka kwa mfalme wa Sodoma asije akasema yeye ndiye aliyemtajirisha, na Sulemani alipomaliza kukusanya, wana wa kabila kumi walikuwa wamechoka na nira yake hata wakajitenga. Ayubu hakupanda mbegu yoyote kule majivuni. Mtasema pia mtenda kazi anastahili ujira wake, na ng'ombe apurae asifungwe kinywa. Hapa hatuna ugomvi. Mchungaji wa kijijini anayelea watoto watano kwa posho ya kuokoteza ananyimwa haki yake, na wengi wenu mko hivyo. Ni tamaa ya wachache wanaoonekana inayowachafua. Alipwe, alipwe vizuri, kiasi kijulikane. Ng'ombe hula akiwa anapura. Hajapewa hati ya shamba.

Wengine mtainua ule mstari wa Zaburi 105 wa kutowagusa masihi wa Bwana. Ni kinga iliyogeuzwa upande. Zaburi hiyo inasimulia habari za Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama taifa hadi taifa, na wanaoonywa wasiwaguse ni wafalme. Ni neno la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Daudi alipakwa mafuta kwelikweli, na Nathani alimnyooshea kidole uso kwa uso kwa habari ya kondoo mmoja wa maskini. Samweli naye, siku ya kung'atuka, aliwauliza Israeli wote ametwaa ng'ombe wa nani au punda wa nani, na mkono wa nani ulimpa rushwa. Alijitoa aguswe.

Jibu lenu zito kuliko yote ni hili: kwamba kuhubiri kuridhika ni kuwarudisha watu kwenye ile dini iliyowaambia Waafrika wavumilie, mbinguni watakula, huku wenzao wakila hapahapa. Mtasema injili ya mafanikio imewatoa vijana kwenye pombe, imewafanya akina mama wafungue genge, imewapa watu wa uswahilini shati la kupiga pasi na ujasiri wa kumtazama tajiri usoni. Sitalibeza hilo, kwa kuwa ni kweli kwa sehemu yake. Wanatheolojia wa Kiafrika wa vuguvugu la Lausanne walikutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na tena 2009 kulipima jambo hili, wakakubali kwamba bidii ya kazi na imani katika uweza wa Mungu ni mema yanayofundishwa humo. Kisha wakasema mafundisho ya mafanikio, kama yalivyo, yanapotosha Biblia. Walikuwa Waafrika, hivyo tusiwasingizie Wazungu. Kuridhika ninakokutetea hakumkatazi mtu kufungua genge la pili. Paulo alijifunza kukosa na kujifunza kuwa na vingi, akiandika kutoka kifungoni kwa Wafilipi, na ule mstari wa kuyaweza mambo yote uliobandikwa kwenye vioo vya daladala ulikuwa unahusu hilo: kuiweza njaa na kuiweza shibe. Kijana aliyeacha pombe akadunduliza mtaji, utajiri wake umetoka kwenye kuacha pombe na kudunduliza. Mkimwambia umetoka kwenye bahasha, mmemwibia hata ushindi wake, na siku biashara ikiyumba atatafuta bahasha nyingine badala ya daftari la mahesabu.

Sasa naomba, na ninayoyaomba yanahesabika. Kwanza, hesabu. Paulo aliposafirisha mchango wa Yerusalemu alikataa kuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8 inaonyesha makanisa yakichagua watu wa kufuatana naye, ili pasiwe na wa kumshuku juu ya fedha nyingi vile. Kama mtume alihitaji mashahidi, mtume wa leo anawahitaji zaidi. Mapato na matumizi yakaguliwe na watu wasio mke, mtoto, shemeji wala kijakazi wa mchungaji, yasomwe mbele ya washirika mara moja kwa mwaka, na mshahara wa mchungaji uwemo kwenye karatasi hiyo. Pili, meza za mafuta, maji, chumvi na vitambaa ziondolewe. Didache, kijitabu cha maelekezo cha kanisa la mwanzo kabisa, kiliweka kanuni kwamba mtume msafiri akiomba fedha ni nabii wa uongo. Mimi siendi mbali hivyo, naomba tu msiuze. Tatu, rudisheni. Anayejulikana kutoa ada ya mtoto au fedha ya mkopo kwa sababu aliahidiwa muujiza kwa tarehe, arudishiwe kimyakimya bila kuulizwa maswali ya imani. Zakayo alirudisha mara nne, nami naomba mara moja tu. Nne, fungu la mwaka wa tatu lirudi: theluthi ya fungu la kumi iwe ya wajane, yatima, wagonjwa na wageni wa mtaa ule, wawe washirika au wasiwe. Na mwenye tamaa aitwe na baraza la wazee kama anavyoitwa mlevi, hata akiwa ndiye aliyelipia mabati.

Msipofanya hivyo, wapo watakaofanya kwa mikono mizito zaidi. Rwanda mwaka 2018 ilifunga mamia ya makanisa mjini Kigali kwa ubovu wa majengo na kelele, kisha sheria ikawataka viongozi wa madhehebu wawe na elimu ya theolojia ya chuo. Sipendi serikali ishike funguo za kanisa. Siku moja itamfungia anayehubiri kweli. Lakini mwananchi aliyepigwa na bahasha hatasimama kuwatetea, na vijana wenu wanaojua kusoma taarifa ya benki kwenye simu wameshaanza kuondoka bila kuaga. Njia ya kurudi ipo. Jim Bakker, mhubiri wa runinga wa Marekani aliyehukumiwa mwaka 1989 kwa kuwalaghai waliomchangia, aliyasoma maneno ya Yesu upya akiwa gerezani, akatoka na kuandika kitabu mwaka 1996 kukiri kwamba alichokuwa akikifundisha juu ya mali kilikuwa makosa. Ninyi hamna haja ya gereza ili msome.

Naomba ianze na ibada ya mavuno ijayo. Kwenye ubao wa matangazo, pale zinapobandikwa karatasi za wanaotarajia kufunga ndoa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ibandikwe na karatasi ya hesabu za mwaka, yenye sahihi tatu na nafasi chini yake ya mwenye pingamizi.

Wenu katika Kristo,
Mshirika wa viti vya nyuma